NANI HUYU "SISI"? UHAKIKI WA NYIMBO ZA AMANI ZA WANAFUNZI WA KITUI NA MAKUENI

Utangulizi

Kila mwaka, msimu wa tamasha za muziki unapowadia, wanafunzi wa Kitui na Makueni husimama mbele ya waamuzi, wamepangwa safu kwa vimo vyao, wakaimba juu ya amani. Huimba vizuri. Wazazi hupiga vigelegele, mwamuzi husifu upatanifu wa sauti, mgeni wa heshima husema kwamba watoto ndio viongozi wa kesho, kisha kila mtu huenda zake. Siku ya pili yake hakuna aulizaye wimbo ule ulisema nini.

Makala hii inakusudia kuuliza swali hilo. Nyimbo hizi zimeachwa mikononi mwa wataalamu wa muziki, ambao huzipima kwa pumzi na miondoko, na mikononi mwa maofisa, ambao huzipima kwa wema wa nia yake. Sisi tulio katika idara za lugha na fasihi tumezipita kando, pengine kwa kudhani kwamba kazi ya mtoto haistahili uhakiki. Dhana hiyo si sahihi. Wimbo unaoimbwa kwa Kiswahili na kwaya ya watoto, mbele ya mzazi, mwalimu na chifu, ni fasihi iliyo hai kuliko diwani nyingi tunazozisomesha. Kutouhakiki si kuuheshimu, bali ni kuudharau.

Rai yangu ni kwamba kasoro kubwa ya nyimbo hizi haimo katika sauti wala katika nia. Imo katika nafsi ya msemaji. Karibu zote husemwa na "sisi", na "sisi" huyo hajulikani ni nani. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili, lionekanalo kuwa dogo la sarufi, ndilo linaloamua kama wimbo unapatanisha au unapamba sherehe tu. Sitanukuu wimbo wa shule yoyote, kwani walimu na watoto waliozitunga hawakuzitunga ili zichambuliwe majaridani. Vifungu vichache nitakavyovitoa kwa mfano ni vyangu mwenyewe.

Mahali na ugomvi wake

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilifundishwa kuisoma matini peke yake, kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Mbinu hiyo ina faida zake, lakini hapa haitoshi. Wimbo wa amani una maana pale tu tunapojua ni ugomvi gani unaokusudiwa kutulizwa.

Kitui na Makueni ni sehemu mbili za Ukambani zilizotengwa na Mto Athi. Katika sensa ya mwaka 2019 Kitui ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1, na Makueni watu karibu 990,000, walio wengi wakiwa Wakamba. Ni nchi ya misimu miwili ya mvua isiyoaminika. Mkulima hupanda mtama, kunde, mbaazi na ndengu, na mito mingi huwa mikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, hata maji yakatafutwa kwa kuchimba mchangani. Ndiyo maana kaunti hizi zimejulikana kwa mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazojengwa kukinga mto wa msimu ili mchanga ujae na kuhifadhi maji chini yake.

Upande wa mashariki wa Kitui, katika sehemu kama Mutha, Ngomeni na Tseikuru, ukame huleta wafugaji wa ngamia na ng'ombe kutoka upande wa Tana River na Garissa. Hapo ndipo mkulima na mfugaji hukutana, na mara nyingine hukutana vibaya. Watu wameuawa pande zote mbili, kaya zimehama, na shule zimebaki bila wanafunzi. Magharibi ya Makueni, katika mpaka na Kajiado, Mkamba na Mmasai wana historia ndefu ya kunyang'anyana mifugo, na pia historia ndefu ya kufanya biashara. Soko la mifugo la Emali ni ushahidi wa hiyo ya pili.

Yafaa izingatiwe kwamba ugomvi huu ni wa vitu vinavyoshikika: kisima, majani, shamba la ndengu lililoingiliwa na ngamia, ngamia aliyerudi kwa mwenyewe na mshale ubavuni. Ni ugomvi wa njia mbili za kujitafutia riziki katika ardhi moja. Huvishwa joho la ukabila baadaye, na aghalabu na watu wasiochota maji katika kisima hicho.

Wimbo ulikotoka

Wimbo wa amani wa shule haukuzaliwa kisimani. Una ukoo mwingine, nao ni ukoo wa jukwaa. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, zama za ukoloni, na baada ya uhuru likawa chombo kikubwa cha utamaduni katika shule, likipanda ngazi kwa ngazi kutoka mashinani hadi taifa. Mwaka 1978 Rais Moi alishika madaraka, na falsafa yake ya Nyayo ikajengwa juu ya maneno matatu: amani, upendo na umoja. Kwaya za shule ziliyaimba maneno hayo katika kila sikukuu ya taifa mpaka alipoondoka madarakani mwaka 2002. Wakati huohuo waandishi waliouliza ni amani ya nani walijulikana waliko. Tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku mwaka 1977, kabla ya Nyayo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwaka huohuo. Somo lililoachwa kwa watunzi wa shule lilikuwa bayana: itaje amani, usiutaje ugomvi.

Kisha ukaja umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, tume ikaundwa, na vyama vya amani vikahimizwa katika shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umeihesabu amani miongoni mwa maadili ambayo mtoto hana budi kuyapata. Tamashani nako kuna madaraja ambayo taasisi za umma hufadhili na kutoa mada. Mwalimu hupokea mada, hutunga, na watoto hukariri.

Silaumu hatua hizi, kwani taifa lililoona yale ya 2008 lilikuwa na haki ya kuwaomba watoto wake waimbe. Lakini matokeo yake ni haya: nyimbo nyingi nilizozisikia Kitui na Makueni huimba juu ya uchaguzi, juu ya ukabila kwa jumla, na juu ya Wakenya wote kuwa kitu kimoja. Hazina kisima wala ngamia, na ndengu haitajwi. Mtoto wa Mutha huimba juu ya ugomvi wa Bonde la Ufa wa miaka mingi kabla hajazaliwa, na ugomvi uliofunga darasa lake muhula uliopita hana neno la kuuita. Wimbo huo huzima moto katika nyumba ya mbali huku jiko la mwimbaji likiungua.

Sarufi ya "tu"

Tukiutazama msamiati wa nyimbo hizi tutaona kitenzi kikitawala katika umbo moja. Chukua kifungu hiki: Tupendane, tusaidiane, tuilinde amani yetu. Kuna mambo matatu ndani yake ya kutazamwa.

La kwanza ni kiambishi cha nafsi. "Tu" ya Kiswahili haitofautishi sisi pamoja nanyi na sisi bila ninyi. Zipo lugha, kama Kimalei, ambazo humlazimisha msemaji achague: ana neno moja la "sisi" linalomtia msikilizaji ndani na jingine linalomwacha nje. Kiswahili kinatuachia uhuru, na uhuru huo ndio unaofichia utata. Kwaya inapoimba "tupendane", je, mfugaji aliyepiga kambi ng'ambo ya mto wa mchanga yumo katika "tu" hiyo? Mtunzi angejibu kwamba yumo. Lakini mfugaji mwenyewe hayupo uwanjani, watoto wake huenda hawamo katika kwaya, na hakuna neno moja katika wimbo linalomwelekea. Akiusikia kwa mbali anaweza kudhani, kwa haki kabisa, kwamba Wakamba wanahimizana kupendana wao kwa wao.

La pili ni kiambishi cha kutendana. Kitenzi chenye "-an-" hudai pande mbili, kwani hakuna mtu mmoja awezaye kupatana. Lakini katika nyimbo hizi pande zote mbili zimemezwa na kiima kimoja. Kutendana kumebaki katika umbo la neno, na katika maana hakuna wa kutendana naye.

La tatu, nalo ni kubwa zaidi, ni wakati. Wimbo wa amani hutumia dhamira tegemezi, ile yenye kiishio "-e": tuwe, tuache, tudumishe. "Li" na "me" ni nadra mno. Wimbo usiokuwa na wakati uliopita hauna tukio. Usiokuwa na tukio hauna aliyetenda wala aliyetendwa. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepoteza mbuzi, hakuna aliyekimbia usiku. Watoto ambao pengine wameona mambo hayo kwa macho yao hupewa lugha isiyoweza kuyasema. Hapa ndipo uzito wa suala hili ulipo: tunapomfunza mtoto kuimba amani bila wakati uliopita, tunamfunza kwamba amani ni kusahau kwa amri.

Hata neno "amani" lenyewe linatushtaki. Sote tunajua kwamba limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na "amini", "imani" na "amana". Amana ni kitu ambacho mtu huweka kwa mwenzake akitumaini kukikuta. Amani katika ukoo huo ni hali ya kuweza kumwachia jirani kitu chako ukalala usingizi: kisima, mtoto, ng'ombe. Inahitaji wawili na kitu kati yao. Wimbo wa jukwaani umeifanya kuwa utulivu, yaani kutosikika kelele.

Mkazo na lahani

Maudhui na fani havitenganiki, na dalili za ugeni wa nyimbo hizi husikika hata katika umbo lake. Kikamba kina irabu saba na ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Kiswahili kina irabu tano, hakina toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Baadhi ya watunzi huchukua lahani ya ngoma ya Kikamba na kuitilia maneno ya Kiswahili, jambo jema lenye kuhitaji uangalifu. Pigo zito la ngoma likiangukia silabi ya kwanza ya "amani" au "jirani", neno huvunjika sikioni. Tunakumbuka "barabara": mkazo ukiwa pake ni njia ya magari, ukisogea nyuma silabi moja ni sawasawa. Nimesikia kwaya nzuri ikiimba kifungu kizima kisichoeleweka mpaka kilipoandikwa.

Hili si kosa la watoto. Ni alama kwamba maneno yalitungwa kwanza, mahali pengine, kisha yakaletwa kwenye ngoma yavishwe. Laiti mtunzi angeanza na jambo lenyewe na mdomo wa mtoto, angesikia mara moja neno gani linakaa na lipi linakataa.

Myali, ngonjera na malumbano

Kinachosikitisha ni kwamba Ukambani hakukosa tanzu za kutolea ugomvi. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikwisha kutuonyesha katika mkusanyo wake wa hadithi za Kikamba wa mwaka 1966 jinsi masimulizi ya jamii hii yalivyojaa watu wenye tamaa, hila na majuto. Aidha Mwĩkali Kieti na Peter Coughlin, katika kitabu chao cha mwaka 1990, waliichambua hekima ya fasihi-simulizi ya Kikamba. Miongoni mwa nyimbo za Wakamba zimo zile ziitwazo myali, ambazo kazi yake ilikuwa kukosoa. Aliyekiuka desturi alisikia tendo lake likiimbwa ngomani mbele ya watu. Myali ilikuwa na "yeye" na ilikuwa na "li". Ilijua ni nani alifanya nini.

Kiswahili nacho kina tanzu mbili zinazofaa kulinganishwa hapa. Ngonjera, iliyoendelezwa na Mathias Mnyampala na kusambazwa Tanzania kwa vitabu vya Ngonjera za UKUTA vya 1970 na 1971, iliingia shuleni kwa sababu ilikuwa na pande mbili. Udhaifu wake unajulikana: mara nyingi upande mmoja umeumbwa ili ushindwe. Mjinga huuliza, mjuzi hujibu, mjinga hushukuru. Mashairi mengi ya amani yanayoghaniwa na wanafunzi wa Kenya ni ngonjera za aina hii hata pasipo kuitwa hivyo. Anayependa vita huwekwa jukwaani beti tatu, kisha huongoka.

Malumbano ni kitu kingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alipowatupia Waamu tungo zake, Lamu ilikuwa na Zahidi Mngumi wa kumjibu, na hakuna aliyejua mapema nani atashinda. Sidai kwamba malumbano yalizuia vita, kwani hayakuvizuia. Ninachosema ni kwamba yalimkubali adui kuwa mtu mwenye ulimi na hoja, naye alipewa ubeti kamili wa kujibu. Huko ndiko kuwapo pande mbili kwa kweli.

Pingamizi

Msomaji anaweza kunipinga, na pingamizi lake ni zito. Je, tunataka watoto wa darasa la sita waimbe myali juu ya majirani zao katika mpaka wenye silaha? Wimbo unaotaja jina la mkosaji waweza kuwasha badala ya kuzima. Je, si afadhali wimbo mtupu kuliko wimbo wenye sumu?

Nakubali sehemu ya hoja hii. Myali ilifanya kazi ndani ya jamii moja, ambamo aliyekosolewa alijua kwamba kesho atakula na waliomkosoa. Ikivushwa mpaka hugeuka matusi. Lakini njia haziko mbili tu, utupu au sumu. Nitatoa mfano nilioushuhudia.

Katika shule moja ya msingi mashariki ya Kitui, nilimokwenda kusikiliza kwaya, niliwakuta watoto mapumzikoni wakicheza mchezo wao. Walikuwa wamechimba shimo mchangani. Nusu yao walikuwa ngamia na wachungaji, nusu walikuwa wenye kisima. Wachungaji waliimba wakiomba maji, wenye kisima waliimba wakiuliza watalipwa nini, na kila jibu lilitungwa papo hapo. Msichana mmoja aliahidi maziwa, mvulana akaahidi kumfukuza fisi. Jibu likikataliwa ngamia "alikufa", akaanguka kifudifudi kwa madaha makubwa, na wenzake wakamwomboleza. Kisha pande zikabadilishana: wenye kisima wakawa ngamia. Ilikuwa sheria ya mchezo, hapana mwalimu aliyewaagiza. Kengele ilipolia walipanga safu wakatuimbia wimbo wa amani. Ulikuwa "tu" mwanzo hadi mwisho.

Katika dakika kumi za mchanga watoto wale walikuwa na kila kitu ambacho wimbo wa jukwaani haukuwa nacho: "ninyi" anayejibu, kitu kinachogombewa, kifo na maombolezo, na kubadilishana nafasi. Hawakumtaja mtu kwa jina wala hawakumtukana yeyote. Lakini kila mtoto alitoka hapo akiwa ameomba maji na amenyima maji. Mchezo ule ulikuwa na amana ndani yake.

Hitimisho

Yanayotokana na uhakiki huu ni machache na yanawezekana. Kwanza, mwamuzi wa tamasha aongeze swali moja katika karatasi yake: wimbo huu unasemezana na nani? Pili, mwalimu mtunzi aanze na mchezo na masimulizi ya watoto wenyewe, kabla ya kutazama mada iliyoletwa, na aruhusu wakati uliopita uingie. Tatu, katika miji ya mpakani kama Emali, ambako mtoto wa Mkamba na wa Mmasai huweza kukaa dawati moja, wimbo ugawanywe kwa pande mbili, na kila upande uimbe sehemu ya mwenzake. Nne, idara zetu zizikusanye nyimbo hizi, na michezo pamoja nazo, kwa idhini ya wenyewe, maana wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada vitabuni huzipita njiani wakija chuoni.

Wimbo wa taifa letu wenyewe ulitokana na lahani ya mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Jopo lililoutayarisha mwaka 1963 liliichukua lahani hiyo kwa Wapokomo wa kando ya Mto Tana, mto uleule unaopita kaskazini ya Kitui na kushuka katika nchi ya wafugaji tunaogombana nao leo. Wimbo wa kubembelezea una "mimi" na una "wewe", na anayebembelezwa yuko mikononi. Watunzi wa nyimbo za amani wangeweza kuanzia hapo.